Solo niliyoshona mwenyewe: kiuno kinapwaya, pindo limepanda nyuma, na sherehe iko wiki ijayo

Bint_Igogo (mwenye uzi)

Habari za jioni wana jukwaa. Shikamooni wakubwa.

Nimeanza kujifunza kushona mwaka huu kwa cherehani ya miguu aliyoniachia mama mdogo. Nimeshashona foronya, mapazia na sketi mbili za lastiki. Safari hii nikataka solo, ile sketi ya duara kamili ya kuzunguka, niivae kwenye sendofu ya binamu yangu Jumamosi ya wiki ijayo. Nilikwenda Makoroboi, hapa Mwanza, nikachagua kitenge cha maduara makubwa, pisi ya yadi 6, upana inchi 45. Yadi 2 nikampa dada yangu, nikabaki na 4.

Kiuno changu ni inchi 31. Nilifundishwa kwamba unagawa kiuno kwa 6.28 (yaani 3.14 mara mbili), jibu ndilo unalopima kutoka kwenye kona ya kitambaa kilichokunjwa. Nikapata 4.9, nikaweka 5. Nikazungusha futikamba, nikachora kiuno, kisha nikapima inchi 27 za urefu, nikakata. Nilitoa nusu duara mbili, mbele na nyuma, mishono iko ubavuni, zipu ubavu wa kushoto. Kwenye mishono ya ubavu niliongeza nusu inchi ya kushonea.

Nilipofika kwenye mkanda nikaona sketi ni kubwa kuliko mkanda. Nikadhani nimekata mkanda vibaya, nikakata mwingine mrefu zaidi, nikashona. Nikakunja pindo la inchi moja siku hiyohiyo. Sasa nikivaa, sketi inashuka mpaka kwenye nyonga. Pindo limejaa mikunjo midogomidogo ambayo pasi haiiondoi. Na kubwa zaidi, nyuma imepanda, ubavuni imeshuka. Nilipoikata ilikuwa duara safi kabisa, nimepima mara tatu.

Kitambaa nimekipenda mno na sina hela ya kununua kingine. Naombeni msaada, kosa liko wapi na naanzia wapi kurekebisha?

Wa_Sengerema

Pole dada. Mimi naona rahisi tu. Kama inashuka, fumua mkanda, kata nusu inchi juu, rudisha mkanda. Sketi itapanda.

FundiKirumba

Hapana, hapana. Dada, tafadhali usiguse mkasi kabla hujasoma hapa.

Kwenye sketi ya kawaida, iliyonyooka, ukikata juu unapunguza urefu tu. Solo ni duara. Ukishuka nusu inchi kutoka kiunoni, unaingia kwenye duara kubwa zaidi. Nusu inchi mara 6.28 ni inchi 3 na kidogo. Yaani kiuno kinachopwaya sasa hivi kitaongezeka inchi 3 nyingine, na hapo ndipo watu huishia kutia lastiki kwa lazima.

Na kosa lako la kwanza ni hilohilo, limejificha tu. Ulikata kwa inchi 5. Halafu mkanda ukaushona nusu inchi chini ya ukingo, si ndiyo? Basi kiuno chako halisi hakipo kwenye 5, kipo kwenye 5 na nusu. Zidisha kwa 6.28 unapata 34 na nusu. Hukukosea mkanda, mkanda wa kwanza ulikuwa sahihi. Kanuni uliyofundishwa ni nzuri, ila aliyekufundisha alisahau kukwambia utoe nafasi ya mshono. Kwa kiuno cha 31 mimi naongeza inchi 1 ya kupumua, nafanya 32. Gawa kwa 6.28, unapata 5.1. Toa nusu ya kushonea mkanda, inabaki 4.6. Hapo ndipo pa kuchora.

Kiuno cha solo kikiwa kidogo, dawa ipo na ni nyepesi, unapunguza juu 1/8 ya inchi na kinaongezeka kama robo tatu. Kikiwa kikubwa hakuna kurudisha nguo iliyokwishakatwa. Ndiyo maana fundi mzoefu hukata kiuno cha solo kidogo makusudi, akakifungua taratibu mwilini.

Bint_Igogo

Fundi, asante sana. Nimepima sasa hivi kwenye mshono wa mkanda, ni inchi 35 kamili, si 34 na nusu. Hiyo nusu nyingine imetoka wapi?

MamaNyegezi

Mwanangu, hiyo imetoka kwenye mikono yako. Usishtuke, ni ya kila anayeanza.

Kitenge kina nyuzi zinazokwenda urefu na nyuzi zinazokwenda upana. Ukikivuta kwa urefu hakivutiki, kwa upana kinavutika kidogo sana. Kivute kimshazari, kona kwa kona, utaona kinavyorefuka. Ukikata duara, kuna mahali kiuno kinapita kwenye nyuzi zilizonyooka na mahali kinapita kwenye mshazari. Kwenye mshazari ndipo kinapolegea kila ukikigusa, ukikiinua, ukikipitisha kwenye cherehani. Dawa yake ni kwamba ukimaliza tu kukata, kabla hujafanya lolote, piga mshono mmoja wa kuzuia kuzunguka kiuno, karibu na ukingo, usiuvute. Mimi siondoki mezani kabla ya huo mshono.

Na ndilo jibu la pindo lako pia. Ulikata duara safi, nakuamini. Lakini ukiivaa, sehemu za mshazari zinaning'inia kwa uzito wake na kurefuka, sehemu zilizonyooka zinabaki palepale. Duara lako halikuharibika siku ya kukata, limebadilika likiwa limetundikwa. Kwa hiyo solo haikunjwi pindo siku inayoshonwa. Itundike usiku kucha, mimi hupenda siku mbili. Vitambaa laini vinavyoteleza ndivyo vibaya zaidi, hivyo navipa hata siku tatu. Kitenge cha pamba kina nidhamu kidogo.

Ulikifua kabla ya kukata?

Bint_Igogo

Shikamoo mama. Sikukifua. Niliogopa kitapoteza ile rangi ya dukani.

MamaNyegezi

Marahaba mwanangu. Basi kabla hujarekebisha chochote, kiloweke sasa, anika kivulini, piga pasi. Pamba hujikusanya ikiguswa na maji mara ya kwanza. Ukirekebisha kwanza ukafua baadaye, utarudi hapa na uzi mwingine. Sisi tumekulia kwenye mashamba ya pamba, tunajua hii kitu inavyoishi. Fumua kwanza mkanda na pindo, ndipo uloweke, kwa sababu sehemu iliyoshonwa na isiyoshonwa hazijikunji sawa.

FundiKirumba

Mama amesema kweli tupu. Sasa nikupe hesabu ya kiuno.

Una 35, unataka 32. Zimezidi 3. Una mishono miwili ya ubavu, kila mshono utoe inchi 1 na nusu, yaani robo tatu kwa kila kipande cha kitambaa. Fumua zipu. Najua inauma, lakini usijaribu kuiacha zipu na kutoa zote 3 upande wa kulia. Kitenge chako kina maduara makubwa, ukitoa upande mmoja tu, duara la katikati litahama tumboni na kila atakayekuona mbele ataliona hilo kwanza.

Wengine watakwambia uanze na robo tatu juu na umalizie sifuri kwenye nyonga. Kwa solo mimi sipendi. Mshono ukipinda hapo, nguo inatoa kijipu pembeni. Shusha mstari ulionyooka kutoka kiunoni mpaka chini, robo tatu ileile. Huko chini una zaidi ya inchi 200 za kuzunguka, hutasikia kupungua. Na usiogope nyonga, solo yako inchi 9 chini ya kiuno ina zaidi ya inchi 80.

Piga bandi kwanza, yaani mshono wa muda wa mkono, vaa, jiangalie, ndipo ushone kwa cherehani.

KitengeNaKhanga

Naomba niongeze kwenye kujiangalia, maana hapo ndipo wengi tunaposhindwa. Mimi nilivaa sketi zilizokaa upande kwa miaka bila kujua kwa nini.

Baada ya kupiga bandi, vaa sketi bila mkanda, funga lastiki nyembamba kiunoni juu yake. Kiuno ni pale mwili unapojikunja ukiinama pembeni. Simama mbele ya kioo, miguu sawa, mikono chini. Angalia mshono wa ubavu. Unatakiwa usimame wima kama timazi la fundi mwashi. Ukiona chini umevutwa kwenda nyuma, nyuma inadai urefu. Ukivutwa mbele, tumbo ndilo linalodai. Usilitazame pindo kwanza, linakwambia matokeo tu. Mshono wa ubavu ndio unaokwambia sababu.

Kwa sisi tuliojaliwa nyuma, kitambaa kinapanda kilima kabla hakijaanza kushuka, kwa hiyo urefu unaliwa njiani na pindo linapanda. Hapo unaivuta nyuma ishuke kidogo chini ya lastiki mpaka mshono wa ubavu unyooke, kisha unachora kwa chaki kufuata lastiki, kuzunguka mwili mzima. Huo mstari wa chaki ndio kiuno chako wewe. Mara nyingi hautakuwa sawa na ukingo uliokata, na wala si lazima uwe sawa.

Bint_Igogo

Nimecheka na nimeelewa kwa pamoja. Ndiyo, nyuma nimejaliwa. Sasa nyuma nitaishushaje wakati nimeshakata?

FundiKirumba

Una nusu inchi ya kushonea mkanda. Nyuma ushone kwa robo inchi tu badala ya nusu. Umepata robo ya urefu nyuma bila kukata. Ila kumbuka duara, hiyo robo kwenye nusu ya nyuma itakibana kiuno kama robo tatu ya inchi. Kwa hiyo pale ubavuni usitoe 3 zote, toa 2 na robo tu, halafu pima. Robo haitoshi kumaliza tofauti yote, iliyobaki utaimalizia kwenye pindo kwa kupima kutoka chini.

Wa_Sengerema

Fundi nimekuelewa, naomba radhi kwa ushauri wa mwanzo. Nilishonewa mbili za namna hiyo, zote zilipanuka na fundi akaniambia nimekonda.

Nansio_1

Mimi niko Ukerewe, nauliza swali la pembeni. Solo kamili kwa upepo huku inavaliwaje? Nikisimama gatini mchana, upepo wa ziwa ukianza, nabaki nimeshika sketi kwa mikono miwili na mzigo uko chini.

MamaNyegezi

Swali lako si la pembeni mwanangu, linatakiwa liulizwe kabla ya kukata. Huku kwetu mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Hata kwenye pantoni ya Kamanga utawaona wenye solo wote wamekaa ndani. Nina njia mbili. Ya kwanza, weka bitana iliyokatwa nyembamba, nusu solo (ya nusu duara) au iliyonyooka kidogo, fupi kwa inchi 2 kuliko sketi. Upepo ukinyanyua ya juu, ya chini inabaki. Ya pili ni kushona nusu solo tangu mwanzo. Inachanua vya kutosha na haiwi mwavuli.

Nusu solo unagawa kiuno kwa 3.14, kwa hiyo kwa kiuno cha 32 unapata 10.2, ukitoa nusu ya kushonea unachora kwenye 9.7. Ina mshono mmoja tu, nyuma, zipu inakaa hapohapo. Kwa urefu wa inchi 26, yadi 2 na robo za kitenge zinatosha, na mkanda unatoka kwenye ukingo unaobaki.

Na kwa wote mnaopanda bodaboda, solo kamili ikunje yote na kuikalia, usiache upande ukining'inia karibu na gurudumu. Hili nasema kwa uchungu. Kitambaa kikinasa kwenye spoku kinamvuta mtu chini.

Bint_Igogo

Narudi na taarifa, siku ya nne.

Nimefumua kila kitu. Kuloweka kumenipunguzia karibu inchi 1 ya urefu, kwa hiyo mama alikuwa sahihi, ingenikuta baadaye. Nilipiga bandi ubavuni kwa kutoa inchi 2 na robo, nikavaa na lastiki. Mshono wa ubavu ulikuwa umevutwa nyuma kama inchi 1 na nusu kule chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona hata mara moja. Nikaachia nyuma robo inchi. Mshono ukasogea, haukunyooka kabisa lakini ukakaribia. Nikashona, nikarudisha zipu, mkanda nikatia gamstifu (kile kitambaa cha ndani cha kuukaza), nikaupachika. Kiuno sasa ni 32. Nimekaa nayo, nimekula nayo ugali na sato, nimeinama kufagia. Haishuki na hainibani.

Sasa nimeitundika tangu jana. Nimebana kiuno chote kwa pini kwenye henga, si pembe mbili tu, ili uzito ugawanyike. Kesho pindo. Naishi peke yangu, nani atanipimia?

KitengeNaKhanga

Ukimpata jirani, mpe rula ndefu na chaki. Wewe simama bila kugeuka, yeye ndiye azunguke, apime kutoka sakafuni kwenda juu, achore kila baada ya inchi 3. Vaa viatu utakavyovaa siku hiyo. Usiangalie chini wakati anapima, ukiinamisha kichwa tu mbele inashuka. Na mfanyie ndani kwenye sakafu ya saruji. Nyua zetu za mlimani zimeinama, utapata sketi iliyofuata mteremko wa mawe ya Igogo.

Usipompata, funga kamba mlangoni, kutoka mhimili mmoja hadi mwingine, kwenye urefu unaoutaka. Ikaze. Ipake chaki nyingi. Simama sketi ikiigusa, geuka kidogokidogo ukiwa umenyooka. Kamba itakuachia mstari kuzunguka sketi nzima. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyopimiwa na mtu.

FundiKirumba

Ukishapata mstari, tafuta mahali palipo pafupi kuliko kote. Hapo ndipo panapoamua urefu wa sketi. Kwingine kote unakata kufuata hapo.

Na pindo, usirudie la inchi moja. Ile mikunjo haikutoka kwenye pasi yako. Ukikunja inchi 1 ya solo kamili, ukingo wa nje una inchi 6 zaidi ya mahali unapoulaza. Hizo inchi 6 hazina pa kwenda, ndizo zinazojikunja. Kunja robo inchi, pasi, kunja robo tena, shona. Au, na hii ndiyo ninayoipenda mimi, kata utepe wa mshazari wa inchi 1 na nusu kwenye mabaki, uuzungushie upande wa ndani. Utepe wa mshazari unakubali kupinda, unalala kama maji, tena unalipa pindo uzito kidogo wa kupigana na upepo wa dada wa Nansio. Unahitaji kama yadi 5 na nusu za utepe, unganisha vipande kwa mishono ya mshazari, usiunganishe kwa mishono ya wima.

Bint_Igogo

Ijumaa usiku, nimemaliza.

Jirani alikuja na watoto wake wawili, wakashika taa. Tofauti kati ya ubavu na nyuma ilikuwa inchi 1 na robo. Pafupi palikuwa nyuma katikati, nikafuata hapo. Urefu uliobaki ni inchi 25, unapita goti vizuri. Utepe nimeutoa kwenye ule ukingo wa inchi 11 uliobaki pembeni mwa nusu duara, ambao nilikuwa nautazama kama takataka. Ukingo huohuo umenitolea na mkanda. Pindo limelala. Nimeipiga pasi mara moja tu.

Nimezunguka mbele ya kioo, imesimama sawa pande zote. Duara kubwa la kitenge liko katikati ya tumbo pale nilipoliweka siku ya kwanza. Nimekaa kitandani naitazama ikiwa kwenye henga.

Fundi, mama, dada, Mungu awabariki mikono.

MamaNyegezi

Amina mwanangu. Kesho ukiwa huko, mtu akikuuliza fundi wako nani, mtajie jina lako.

Nansio_1

Mimi nimeshaloweka kitenge changu. Kiuno 34, nataka nusu solo. Naongeza moja, 35, nagawa kwa 3.14, napata 11.1, natoa nusu, nachora kwenye 10.6. Fundi, nikate?

FundiKirumba

Chora kwenye 10.5, dada. Piga ule mshono wa kuzuia kiunoni kabla hujainua kitambaa. Kisha kata.